Bila Kaburi Ingekuwa Ngapi

Watu wanadhani dalali anapanga bei kwa kuhesabu vyumba. Waache wadhani hivyo. Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na minne hapa Musoma, kibao changu kiko Mwisenge kando ya duka la madaftari, kimeandikwa MAGESA NYUMBA NA VIWANJA, na nawaambia vyumba ni vya kujaza tangazo tu. Bei naisoma kwa mwenye nyumba. Nikifika kwako naomba maji ya kunywa. Ukienda kuyaleta, naangalia mezani: kuna dawa? Kuna barua ya benki? Kuna begi limeshafungwa? Nauliza watoto wako wapi, nauliza unahama lini. Anayesema hana haraka hata mwakani, nyumba yake ina bei nzuri. Anayesema hata kesho, nyumba ile ile, bati lile lile, nimeshaikata robo kabla sijaingia chumbani.

Halafu namuuliza swali ambalo madalali wenzangu wote wanaliuliza: "Mkononi unataka ubaki na ngapi?" Akitaja, basi. Kinachozidi ni changu, tunakiita cha juu, na hakuna anayekuuliza kimefika wapi. Sharti ni moja: muuzaji na mnunuzi wasikutane mpaka siku ya mkataba, fedha ikiwa imeshapitia kwangu. Wakikutana mapema wakapeana namba za simu, wewe dalali umekwisha.

Nilikuwa najisifu kwa ujuzi huo. Kijiweni nilikuwa nawafundisha wenzangu wadogo jinsi ya kuomba maji. Leo naueleza huku uso unaniwaka, na naueleza mwenyewe kwa sababu mtu mmoja tu anayejua habari hii yote ni mstaarabu kuliko mimi, hatasema.

Mama Petronila alinipigia simu mwezi wa pili. Ni nesi mstaafu, mjane, anakaa Makoko kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo ukifungua dirisha la sebuleni unaliona ziwa. Nilipofika sikuhitaji hata kuomba maji. Aliniwekea ugali na sato wa kuchemsha kabla sijataja shida iliyonileta, akanitazama nikila, akasema, "Kula mwanangu, wewe ni mwembamba hivyo unatembeaje na hili jua?"

Nikala. Huku nakula, nasoma. Miguu yake ilikuwa imevimba, alitembea akishika ukuta. Binti yake Sara ni mwalimu kule Nyamuswa, ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Jirani na Sara kuna nyumba inauzwa, ndogo, ina maji, na mwenyewe amekubali kumsubiri.

"Anataka milioni arobaini," mama akasema. "Mimi nikipata arobaini na mbili mkononi inanitosha. Arobaini ya nyumba, mbili ya kuhamia. Siku moja nilianguka bafuni hapa, nikakaa chini mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi. Sitaki kufa hivyo. Nataka nikiita, Sara asikie."

Nani anamwambia dalali maneno kama hayo? Amenipa karata zake zote, uso juu. Nilimaliza ugali, nikanawa, nikasema tukaizunguke nyumba.

Mbele, kushoto kwa mlango, kulikuwa na kaburi la mumewe, mzee Bonifasi. Vigae vyeupe, msalaba wa chuma, limefagiwa. Mzee alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, alikufa miaka minane iliyopita. Mama aliegemea msalaba ule akapumzisha miguu, akanieleza jinsi ndugu za mumewe kule Majita walivyomnyang'anya shamba la baba yao, akaja mjini hana kitu, akaijenga nyumba hii chumba kimoja kimoja kwa miaka kumi na moja.

"Alisemaga, mnizike hapa kwenye jasho langu," mama akasema. "Majita sirudi hata nikiwa maiti. Wakaja kaka zake kumchukua, nikawakatalia mbele ya padri."

"Na sasa ukiuza?"

"Nitakuja kumsalimia. Mnunuzi akiwa mtu mzuri, hatanikatalia mlango."

Niliandika kwenye daftari langu: kaburi 1.

Baada ya wiki moja nikampata mnunuzi. Anaitwa Machibya, mtu wa Bunda, ana pamba na ng'ombe wengi, na alitaka nyumba ya kupumzikia karibu na maji. Nilimleta siku ambayo mama alikuwa kliniki, kama ilivyo kawaida yangu. Nilimpitisha mlango wa nyuma kwanza ili kaburi alione mwisho, akiwa ameshalipenda dirisha. Hata hivyo alipoliona hakushtuka. Alivua kofia yake.

"Huyu ndiye mwenye nyumba?" akaniuliza.

"Ndiye. Mzee Bonifasi."

"Shikamoo mzee," akaliambia kaburi, bila mzaha wowote. Kisha akanigeukia. "Mimi nyumba isiyokuwa na kaburi naionaga kama stendi, watu wanapita tu. Nitamzungushia ukuta mdogo. Mama awe anakuja muda wowote anaotaka. Bei ni ngapi?"

Nikasema hamsini na mbili. Akasema hamsini. Tukapeana mikono.

Sasa fanya hesabu. Mama anataka arobaini na mbili, mteja anatoa hamsini. Milioni nane ni cha juu ambacho dalali wa Musoma anaweza kukiota tu. Mtu mwenye akili timamu angeshukuru Mungu akaenda nyumbani kwa mke wake. Mimi njia nzima kutoka Makoko nilikuwa nawaza kiwanja fulani Bunda, kando ya barabara kuu, mwenyewe anataka kumi na mbili. Nane haifiki kumi na mbili. Hilo ndilo lilikuwa wazo langu lote, na nalitaja hivyo hivyo lilivyo kwa sababu hakuna lingine kubwa zaidi lililokuwa nyuma yake. Sikuwa na mgonjwa, sikuwa na deni. Nilitaka kiwanja.

Nikarudi kwa mama kesho yake. Nilimkuta jikoni anasugua sufuria. Nikavuta stuli, nikaushusha uso kidogo, uso ninaoutumia kwa kazi hiyo.

"Mama, mteja nimempata. Ila kuna tatizo moja."

"Tatizo gani?"

"Kaburi. Ameliona, ameogopa. Anasema watoto wake hawatalala humo ndani. Nimembembeleza mama, nimembembeleza sana. Amefika thelathini na nane, na amesema hapo ndipo mwisho wake."

Aliacha kusugua. Povu lilikuwa limemfika kwenye viwiko. Hakulalamika, na hilo lilinipa moyo, nikajiona nimefaulu. Nilijua hesabu zake: thelathini na nane hainunui nyumba ya Nyamuswa. Nikajiambia yule wa Nyamuswa naye ataona mama ni mgonjwa, atashusha. Nikajiambia Sara ni mwalimu, atakopa. Mtu akitaka kula cha mwenzake anapata maneno mengi ya kujiambia.

"Na bila kaburi," mama akauliza, "ingekuwa ngapi?"

Ni swali la kawaida. Wauzaji wote wanaliuliza: bila ufa huu ingekuwa ngapi, choo kingekuwa ndani ingekuwa ngapi. Tunawajibu kwa namba kubwa ili wailaumu nyumba wasitulaumu sisi. Nikajibu bila kufikiri, nimeshanyanyuka nataka kuondoka.

"Aa, mama, bila kaburi hata hamsini inafika. Ila ndiyo hivyo, kaburi liko."

"Hamsini," akasema.

"Hata leo."

"Basi mwombe huyo baba anisubiri wiki tatu."

Nikadhani anakwenda kumlilia mwenye nyumba wa Nyamuswa. Nikamwambia Machibya kwamba mama anashauriana na binti yake, akasema hana neno, yeye anapalilia pamba. Katikati hapo nilimpigia mama mara mbili. Mara zote mbili alisema, "Bado mwanangu, kuna kitu nakishughulikia, karibu namaliza." Sikuuliza kitu gani. Nilikuwa nimeshampa yule wa kiwanja cha Bunda neno langu.

Wiki ya tatu, Ijumaa, nilikuwa Butiama naonyesha watu shamba, simu ikaita. Alikuwa Machibya.

"Niko hapa Makoko kwa mama," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilikuwa napita Musoma, nikasema nimsalimie. Njoo."

"Mzee wangu, hapana, utaratibu wetu..."

"Nimesema njoo."

Basi kutoka Butiama hadi Musoma siku hiyo lilikwenda taratibu sana. Njia nzima niliwaza fedha. Wameshaonana, nikawaza, wameshatajiana bei, nane imekwenda, kumi na mbili imekwenda. Nilitunga uongo wa aina tatu wa kueleza thelathini na nane. Stendi nikachukua bodaboda mpaka Makoko nikamwambia dereva akimbize.

Nilishuka getini, na uongo wangu wote watatu ukaniishia mdomoni. Kushoto kwa mlango hakukuwa na kitu. Palikuwa na udongo mpya, mwekundu, umesawazishwa kwa reki na kufagiwa. Msalaba haupo. Vigae vilikuwa vimepangwa ukutani, vizima vizima upande mmoja, vilivyovunjika upande mwingine.

Nilisimama pale. Nakumbuka niliangalia huku na huku kana kwamba labda kaburi lilikuwa upande wa kulia na mimi nimesahau.

"Karibu mwanangu, karibu!" mama akaniita kutoka ndani. "Umepaona palivyo safi?"

Sebuleni hapakuwa na makochi. Friji nayo haikuwepo. Machibya alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini, chupa ya soda mkononi haijanywewa. Mama alikuwa ananiwekea kiti changu huku anashika ukuta, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha. Hiyo furaha ndiyo siwezi kuisahau.

"Makochi na friji nimeuza," akasema, "nahama hata hivyo, ya nini? Ndiyo ikalipa jeneza jipya na gari na chakula cha watu. Kibali hakikunisumbua, watu wa afya wote nimefanya nao kazi. Bwana afya alisimama mpaka mwisho, tukamtoa vizuri, hakuna kilichobaki."

"Mmempeleka wapi?" nikauliza.

"Majita, kwa kaka zake." Hapo furaha ilipungua kidogo. "Nyamuswa ningempelekaje, kiwanja bado si changu. Kaka zake walisema, kumbe umekuja kutuangukia. Nikawaambia ndiyo, nimekuja kuwaangukia. Nikapiga magoti, na haya magoti yangu unayaona. Wakampokea. Wamempa kona, karibu na zizi. Si pabaya."

Nikamtazama Machibya. Alikuwa ananitazama tangu nilipoingia.

"Na huyu baba nimempenda," mama akaendelea. "Nimemuuliza, eti kweli wewe ni mtu mzima hivyo unaogopa kaburi? Akanijibu bila kuficha. Kasema kweli mama, mimi tangu mtoto naogopaga makaburi, siwezi kulala. Tukacheka. Sasa kasema kwa kuwa palishakuwa safi, hamsini kamili, Jumatatu benki."

"Ndivyo nilivyosema," Machibya akasema.

"Ngojeni nikawaangalizie samaki," mama akasema, akaenda jikoni kwa kushika ukuta.

Machibya alisimama akatoka nje. Nikamfuata, nikijua ninafuata nini. Alisimama ukingoni mwa ule udongo mpya, hakuukanyaga. Jikoni mafuta yalikuwa yanachemka.

"Mimi ni mtu wa miaka sitini na tatu," akasema. "Sijawahi kusema naogopa kaburi. Baba yangu amelala mita kumi kutoka kitanda changu. Leo nimelisema hilo mbele ya mjane, nikacheka nalo. Unajua kwa nini?"

"Najua, mzee."

"Hujui. Nilipofika nikamuuliza, mama, mzee yuko wapi? Akaniambia, si wewe ulimkataa? Nikataka kumwambia palepale. Mdomo ulishafunguka. Nikamwona anavyoningojea nifurahi." Akautazama udongo. "Ningemwambiaje? Kwamba umemfukua mume wako bure?"

Nilisema neno lolote lililokuja. Nilisema nitamwambia mimi mwenyewe, sasa hivi, nitapiga magoti, nitamrudishia kila kitu, tutamrudisha mzee hapa. Nilikuwa nalia, na sikuwa nimelia tangu msiba wa mama yangu.

"Utamfukua mara ya pili?" akauliza. "Utamwambia ili upate usingizi, halafu usingizi wake yeye? Atakaa Nyamuswa miaka yake iliyobaki anawaza kona ya zizi. Acha. Hamsini inakwenda yote kwake. Wewe hutaona hata shilingi kutoka kwangu, na hutathubutu kumwomba yeye. Na hiyo habari utakaa nayo. Futa uso, tunaitwa."

Nikataka anipige. Nasema kweli. Nina hasira za karibu, mtu akinisukuma kijiweni narusha ngumi, na siku ile nilitamani yule mzee mwenye mikono ya kushika pembe za ng'ombe anirushie mimi moja tu, nianguke kwenye udongo ule, tumalizane. Hakunigusa. Aliingia ndani, akanishikilia pazia la mlango nipite, kama mtu anavyomshikilia mgeni.

Tukala. Mama alinipa kichwa cha samaki, Machibya akapewa mkia, naye akasema ahsante mama. Nilijua maana ya kupewa kichwa, ni heshima ya mgeni mkubwa. Nilikimega, nikakila, hakikuwa na ladha yoyote. Mama alikula kidogo sana, alikuwa na maneno mengi. Alieleza dirisha la nyumba ya Nyamuswa linavyotazama dirisha la Sara, kwamba hata akigonga kwa fimbo Sara atasikia. Alieleza atakavyofuga kuku. Nilimsikiliza, nikaona kwamba kila alichotaka amekipata, na kwamba angekipata vile vile wiki tatu zilizopita bila kumgusa mzee, kama mimi ningetamka tu namba niliyopewa.

"Lakini dalali wangu," mama akasema, "mbona husemi fedha yako? Huwezi kutembea na jua lote hili bure. Wewe taja."

"Nimeshalipwa, mama," nikasema.

"Na nani?"

"Na mimi," Machibya akasema, macho kwenye sahani. "Nimeshamlipa yote."

Mama alitikisa kichwa, ameridhika. Akanawa mikono, akaikausha kwenye khanga, kisha akaniegemea akanishika mkono wangu ambao bado ulikuwa na ugali.

"Madalali wengine wangenificha," akasema. "Wangeniambia tu, mama, soko ni baya, chukua thelathini na nane. Wewe uliniambia ukweli, kinachopunguza bei ni kaburi. Ulinipa njia." Alikuwa ananiangalia usoni, na mimi nikalazimika kumwangalia. "Siku ile tunamtoa, kabla hawajapiga jembe la kwanza, niliongea naye. Huwezi kumhamisha mtu bila kumwambia sababu. Nikamwambia, Boni, najua ulikataa Majita, nisamehe, ni kwa ajili ya miguu yangu. Aliyenishauri ni Magesa, dalali wa Mwisenge. Nikakutaja mara tatu akusikie. Nikamwambia, huyu kijana hana baya na sisi, kama una baraka yoyote huko uliko, umpe yeye kwanza, kisha mimi."

Jikoni maji yalikuwa yanatiririka, alikuwa amesahau kufunga bomba. Machibya hakuinua kichwa.

"Sema amina, mwanangu," mama akasema.

Nikasema amina.